Chuma Kilichoning'ata

Mimi sijachanganyikiwa. Naanza na hilo kwa sababu mwanangu alikuwa ameshampigia simu dada yake, wakapanga wao kwa wao nihame kwangu nikakae kwa huyo binti yangu, ghorofani huko, nisipate hata pa kumwaga maji. Na kosa langu ni nini? Nilisema chuma kinaning'ata.

Chuma chenyewe ni kile kilichobeba paneli za sola. Paa letu halipati jua tangu jirani apandishe ghorofa lake, kwa hiyo mwanangu na rafiki yake walizisimika paneli mwisho kabisa wa kiwanja, nyuma ya matuta yangu ya mboga. Waya zikapita chini ya udongo mpaka stoo, kwenye inverta, lile boksi la ukutani linalogeuza umeme wa jua uwe wa kuwashia taa. Mke wa mwanangu, ambaye ndiye fundi umeme hasa, alikuwa mbali kwenye kazi ya jengo jipya. Mwanangu alitaka kumshtukiza. Haya, alimshtukiza kweli.

Sasa mimi goti langu moja halina adabu. Nikimaliza kupalilia nashika mguu wa chuma kile ndiyo niinuke. Siku moja kikaning'ata mkono hadi kiwikoni, nikapiga ukelele. Kesho yake vilevile. Nikamwambia mwanangu. Akirudi kazini jioni anakwenda na viatu vyake, anakishika, anakipapasa kama ng'ombe wa kununua, halafu ananitazama kwa huruma.

"Mama, mbona hakuna kitu? Nimepigilia nondo ya ethi pale pale, kwa mkono wangu. Umeme wowote unaozurura unaingia ardhini, basi, umekwisha."

Ile huruma ndiyo iliyoniudhi. Bora angenifokea. Mtu akikutazama hivyo kila jioni, unafika mahali unajiuliza kama chumvi umetia au hujatia. Niliogopa, nasema kweli.

Mke wake akarudi. Huyu mwanamke ana sauti ya kuita watu toka barabara ya pili, wala haionei haya. Hata begi hajaliweka chini, mwanangu akaanza kumnong'oneza habari zangu, nami nasikia. Akamwacha na maneno yake mdomoni, akanifuata jikoni.

"Shikamoo mama. Kinakung'ata wakati gani?"

Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza wakati gani! Jamani, nilitamani kumbeba mgongoni.

"Marahaba. Mchana, jua likiwaka."

"Na miguuni umevaa nini?"

"Bustanini nivae nini? Niko pekupeku."

Akapiga makofi, akamgeukia mumewe. "Wewe bwana unakishika jioni, jua limezama, na soli nene. Ungekishika mpaka uzeeke!"

Akatoa mita yake, akapima kati ya chuma na waya aliouvuta kutoka stoo. Uso ukabadilika. Akazima swichi zote, akanikataza kusogea pale. Ndipo akaeleza, mtaa mzima ukafaidi. Nondo zilikuwa mbili, moja kwenye paneli, nyingine nyumbani kwa inverta, na hakuna waya ulioziunganisha.

"Hawa ni majirani walionuniana," alisema. "Huku kunaungua, kule hawana habari. Ardhi yenyewe kavu, haipitishi umeme wa kutosha kuishtua inverta. Umeme ukitoroka lazima uwe na waya wa kuurudisha nyumbani, ulazwe njia moja na wenzake."

Mwanangu akafukua mtaro upya, kiwanja kizima. Nilimpelekea maji, maana ni mwanangu. Mkewe akalaza waya wa kijani na njano toka kwenye chuma mpaka kwenye inverta, akaziunganisha nondo zote mbili. Alikwangua rangi ya chuma mpaka kikang'aa kabla ya kufunga boliti, akakaza, akauvuta waya kuona kama utalegea, akakaza tena. Mtu anayeijua kazi yake raha kumtazama. Niliacha sufuria ikaungua, na sijutii.

Kesho yake jua lilipopanda, akawasha. Inverta ikapiga kelele, taa nyekundu, ikagoma kabisa.

"Umeiua!" mwanangu akaruka. "Ilikuwa inafanya kazi, sasa umeiua!"

"Nyamaza uisikilize. Inasema kuna umeme unavuja kwenye chuma. Ndicho alichokisema mama, ila mama hana taa nyekundu."

Akazima, akaingia chini ya paneli, akakagua waya mmoja mmoja mpaka akaukuta uliobanwa kwenye ukingo, ganda limechubuka, shaba iko nje imelalia chuma. Akaubadilisha. Safari hii inverta iliwaka kijani. Akapima. Halafu akavua viatu vyake, akasimama kwenye tuta langu nililotoka kulimwagilia, akakishika chuma kwa mikono miwili kabla hajaniruhusu mimi.

Nililia. Nililia kwa kuaminiwa, nisiwadanganye.

Mwanangu alikuwa amesimama na koleo la kufukia mtaro, udongo hadi magotini. "Mama..."

"Mimi usiniambie kitu," nikamwambia. "Mpigie dada yako. Mwambie siendi. Mgonjwa keshapatikana, alikuwa waya."