Mtumbwi Uliopimwa kwa Nyonga

Makalio ya Mwalimu Odero yaligoma. Miguu iliingia vizuri, magoti yakafuata kwa adabu, lakini yalipofika makalio kwenye mlango wa mtumbwi, safari ikaishia hapo. Mtumbwi wenyewe ulikuwa nusu nyasini, nusu ndani ya Bwawa la Nairobi, na mwalimu akining'inia juu yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hiyo kitu imekukataa," alisema Jamleck. Lori lake ndilo lililoubeba mtumbwi kutoka Dagoretti Corner, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Kasyoka, mshonaji aliyeitwa na wote Mama Nzembi, hakucheka. Yeye ndiye aliyeushona, na alichotaka kujua ni kimoja tu: utavuja au hautavuja.

Tangu masika ya mwaka jana jina lake lilikuwa limeharibika. Turubai alilomshonea Jamleck liliingiza maji kwenye matundu ya sindano, magunia ya sukari yakafika Kisumu yakiwa uji. Pale Corner habari hazilali. Wenye malori walihamia kwa mshonaji mwingine, naye akabaki kupunguza marinda na kutia viraka kaptula za wanafunzi.

Ndipo alipokuja Odero, mwalimu wa jiografia aliyekaa mtaa wa Woodley, mtoto wa ziwani aliyechoka kuona maji kwenye ndoo tu. Alikuwa na picha ya mtu wa nchi ya barafu, ameketi ndani ya mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, amebakia kiwiliwili tu nje, naye alitaka atengenezewe kama huo.

"Inaitwa kayaki. Watu wake ni Wainuiti," alieleza. "Kwao hakuna miti, Mama Nzembi. Wanaokota mbao zinazoletwa na bahari, wanafunga na kamba, hakuna msumari. Wimbi likipiga, inajipinda, haivunjiki."

"Nani aliwafundisha?"

"Nani anajua? Ni ya mababu wa mababu. Lakini ngozi ya kufunika, hiyo wanashona akina mama. Ikivuja, bwana harudi nyumbani."

Maneno hayo yalimwingia Kasyoka. Aliuliza hao akina mama wanashonaje, na Odero akamwambia alichosoma: sindano hula upande mmoja tu wa ngozi, haitokezi upande wa pili, kwa hiyo maji hayapati tundu la kupita. Kasyoka alilikumbuka turubai la Jamleck. Sukari yote ile ilikuwa imeharibiwa na matundu.

Aliifunika cherehani yake kwa kitambaa, akashika sindano ya mkono. Ngozi haikupatikana, akatumia turubai zito, akalikunja mara mbili, akalishona kwa subira, sindano isitokeze upande wa pili, hadi vidole vikaota sugu. Kisha akaupaka mshono nta ya nyuki iliyotoka kwenye mizinga ya kaka yake kule Kitui. Alishona akiimba, jambo ambalo majirani hawakuwa wamelisikia tangu masika yale.

Kiunzi alikifunga Mungai, fundi wa mbao, hapo hapo mbele ya mlango wa Kasyoka. Odero alikuwa amemweleza kwamba kayaki haipimwi kwa futi, hupimwa kwa mwili: urefu pima tatu za mikono, mlango upana wa nyonga na ngumi mbili. Basi Mungai, kama mafundi wote wa Corner, alipima kwa aliyekuwa karibu. Mwalimu alikuwa darasani. Kasyoka alikuwa mlangoni.

"Mama Nzembi, nyoosha mikono kidogo," alimwambia siku ile. "Sasa kaa kwa ubao." Akamzungushia chaki, na hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Hadi leo.

"Mungai," aliita Odero, bado ananing'inia, "mimi ulinipima lini?"

Mungai aliangalia nyasi. Kisha macho yake, polepole, yakapanda mpaka kwenye nyonga za Kasyoka, na ya wengine yakafuata. Odero ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi mikono ikamlegea, ikabidi wamchomoe.

"Basi turudishe kwa lori," alisema Jamleck. "Hata hivyo ingevuja."

Kasyoka alivua viatu. Kwao Kitui maji hufukuliwa mchangani kwa kibuyu, na katika maisha yake hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita vifundo vya miguu. Aliogopa, hilo halifichiki. Lakini aliketi, na mlango ukampokea kama nguo aliyojishonea mwenyewe.

"Maji ukiyavulia nguo, lazima uyaoge," Mungai alimchokoza.

"Nimevua viatu tu," alijibu Kasyoka. "Mwalimu, vuta."

Odero aliingia majini na suruali yake, akauvuta mtumbwi taratibu, akamkabidhi kasia. "Usishindane nayo. Ikiinama, wewe pumua tu."

Ukayumba, ukatulia. Akapiga kasia kushoto, akapiga kulia. Alipomuuliza mwalimu kama bado ameshika, jibu likatoka mbali, nyuma kabisa.

Hapo ndipo alipoingiza mkono chini ya paja, mahali mshono ulipopita, akapapasa. Akauinua mkono juu, waliokuwa ukingoni wauone. Kiganja kilikuwa kimejaa vumbi jekundu la Corner, kavu kabisa.

Jamleck alivua kofia. "Mama Nzembi," aliita, "lile turubai langu—"

"Nikirudi," alisema Kasyoka, na kupiga kasia tena.