Shimo Kwenye Picha ya Mabokweni Jazz

1.

MABOKWENI JAZZ BAND, TANGA, 1966. Waliosimama: gita la solo, gita la besi, tumba, tarumbeta. Aliyeketi na saksafoni ni gwiji Kibwana Shemdoe. Uso wake umekatwa na mtu asiyejulikana. Watafiti wanaamini ni husuda ya wanamuziki wenzake.

TAFADHALI USIGUSE.

Mwantumu akagusa.

2.

Usimcheke, msomaji. Huyo mwenye saksafoni ni baba yake, na hajawahi kumwona hata kwa picha. Alikwenda Nairobi kurekodi santuri, mke akiwa na mimba ya Mwantumu. Hakurudi. Juzi redio ikatangaza kwamba picha ya bendi imepatikana na iko makumbusho ya Tanga, na Mwantumu akapanda basi kutoka Muheza roho juu juu.

Kweli imepatikana. Ina suti, ina tai, ina vidole juu ya saksafoni. Halafu shingo. Halafu



3.

Daktari wa macho, wiki iliyopita:

"Ni presha ya macho. La kulia limeshakwenda, la kushoto nalo haliko mbali. Kama kuna kitu bibi anatamani kukiona, mwonyesheni sasa."

Bi Mwanahawa, mama yake Mwantumu:

"Nimwone Kibwana, basi."

4.

Ukumbini, nyuma ya mgongo wake:

— Walimloga huyo.

— Wapi. Mpiga solo ndiye aliyemkata, kila mtu Tanga anajua.

— Hebu nipige picha hapa, niweke kichwa changu kwenye shimo.

Mwantumu akatoka nje, akalia. Alikuwa na hasira na huyo mwenye wembe, awe nani, awe hai au kaburini.

5.

TANGAZO KWA WAGENI WOTE

Aliyegusa picha ya Mabokweni Jazz afike ofisini. Aidha, mwenye kipande kilichokatwa anaombwa kukirejesha. Hataulizwa lolote.

6.

Muheza. Anamwogesha mama yake.

"Wamemkata, mama. Hana uso."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Picha ilikuwa ukutani klabuni. Niliingia mchana, watu wamelala. Nilikuwa na wembe."

Maji

yakaendelea

kutiririka.

"Mganga alitaka sura yake, mwanangu. Nami nilikuwa na wewe tumboni, ningefanyaje?"

Kwenye mkono wa kushoto wa mama, juu ya kiwiko, pana hirizi nyeusi ya ngozi. Mwantumu anaijua tangu apate akili. Siku zote amekatazwa kuigusa, na siku zote aliambiwa ni kinga ya jini.

"Yumo humu?"

"Yumo. Mganga alisema ikikaa mkononi, atarudi. Ikifunguliwa, harudi tena."

7.

Jasho la miaka yote hiyo. Maji ya kuoga ya miaka yote hiyo. Huenda mna uso humo ndani. Huenda mna ukungu mtupu. Huenda

Asipoifungua leo, kesho mama hatakuwa na jicho la kumtazamia. Akiifungua, amemwua baba yake kwa mkono wake mwenyewe, ndivyo mama anavyoamini. Na Mwantumu, mbona hajaigusa, yeye asiyeamini waganga?

8.

"Lete wembe," alisema Bi Mwanahawa.

Uzi wa kwanza ukakatika.

Wa pili.

"Ngoja, Tumu."

"Nini tena, mama?"

"Kaangalie mlangoni kwanza."

Mwantumu, mwanamke mwenye wajukuu, akaweka wembe chini. Akafungua mlango. Akatazama barabara upande wa stesheni, kisha upande wa sokoni, kisha akarudia upande wa stesheni.

"Vipi?" mama aliuliza.