Nusu ya Laptopu ya Mwinyijuma

"Nusu ya laptopu yangu iko wapi, Arafa?"

"Nusu gani, kaka? Kioo si hicho? Vitufe si hivyo?"

"Usinifanyie mzaha mbele za watu. Ilikuwa inasoma gigabaiti mia nne sitini na kitu, leo inasoma mia mbili thelathini. Umechomoa nini humu?"

Mwinyijuma alisimama barazani kwa Arafa, laptopu kaikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Ilikuwa saa nne asubuhi. Na Zinga yetu unaijua: mtu akipaza sauti, majirani wote wanakumbuka ghafla kuwa wameishiwa chumvi. Mimi nilikwenda kuomba chumvi.

Habari yenyewe ni hii. Mwinyijuma ana duka la kuchapa na kutoa kopi pale barabarani. Arafa anapiga video za harusi, upande wa wanawake tu: singo ya kumsugua bibi harusi manukato, hina, ngoma za ndani. Kule watu wanavua mabuibui, wanafumua nywele, wanacheza wanavyotaka, kwa kuwa Arafa amewaahidi hakuna mwanamume atakayeiona ile video. Ahadi hiyo ndiyo inayomlisha. Mwaka jana mashine yake ilipokufa, Mwinyijuma akaigawa diski ya laptopu yake mara mbili, nusu akampa Arafa, awe anaiazima mashine jioni, wakaelewana kwamba Mwinyijuma hataifungua nusu hiyo. Na kweli hakuifungua. Wiki iliyopita Arafa akapata mashine mpya, akahamisha video zake, akaifuta ile nusu, akarudisha laptopu kwa shukrani.

"Nimekusafishia kila kitu," Arafa akasema. "Nafasi yako imerudi."

"Imerudi wapi? Mbona siioni?"

Nyuma yangu jirani yangu Sikuzani akaninong'oneza eti siku hizi diski zinauzwa vipande. Nikamwambia nyamaza, ila sikio sikuliondoa.

"Basi nimemwita Alawi," Mwinyijuma akasema. "Atairudisha kama ilivyokuwa."

Alawi ni fundi kompyuta wa Bagamoyo mjini. Akashuka kwenye bodaboda, akatupa shikamoo zetu, akaketi barazani na kufungua ukurasa unaoonyesha diski. Palikuwa na mstari wa bluu, na kando yake mwingine mweusi, mrefu kidogo.

"Hakuna mwizi hapa," akasema. "Nafasi ndiyo hii nyeusi. Ukifuta kipande cha diski, nafasi haijiungi yenyewe na kile cha pili. Inabaki haina jina, kompyuta haiigusi. Lakini msihofu. Nina programu kwenye flashi, nikiipitisha kipande kinarudi na vyote vilivyokuwamo, hata video."

"Hata nini?" Arafa akaruka.

"Video, dada. Ulichofuta ni jina tu. Zenyewe zimelala mle mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake."

Mimi nilikuwa nafikiria nilivyocheza kwenye singo ya Maulida: kanga moja, kiuno, na kamera ya Arafa mbele ya pua yangu. Kibakuli cha chumvi nikakiweka chini.

Arafa akaivuta laptopu. "Flashi yako irudishe mfukoni, mdogo wangu. Kaka, nafasi yako utaipata, lakini kwanza zile video zife."

"Kwa hiyo sasa unaninyang'anya kabisa?"

"Humo yumo mkeo, Mwinyijuma."

Mwinyijuma akamgeukia Alawi. "Wewe! Tazama ukutani!"

Hivyo ndivyo fundi alivyofanya kazi, uso ukutani, anaelekeza kwa mdomo. "Bonyeza kulia kwenye ule weusi, dada. Tengeneza kipande kipya. Utaona alama ya kusafisha haraka, iondoe. Ya haraka haisafishi kitu. Bila hiyo itaandika sifuri kila mahali."

"Itachukua muda gani?" akauliza Mwinyijuma.

"Saa na ushee."

"Na duka langu?"

"Ungeliwaza kabla hujaja kuniita mwizi," Arafa akamjibu, akaingia jikoni kukuna nazi.

Tulikaa. Asilimia zilipanda polepole, na hakuna aliyekumbuka chumvi. Ilipotimia mia, Arafa akaomba flashi ya Alawi, akaipitisha mwenyewe ile programu kuhakikisha, kioo kikitutazama sisi wanawake. Haikuokota hata picha moja. Kisha akakifuta tena kile kipande kipya.

"Unafuta tena?" Mwinyijuma akapiga kelele.

"Kilikuwa cha kusafishia tu," Alawi akasema. "Sasa ule weusi umepakana na chako, katikati hakuna kitu. Dada, bonyeza kwenye ule wa bluu, chagua kupanua."

Bluu ikaenea mwanzo hadi mwisho. Mwinyijuma akasoma namba mara mbili. Akaifunga laptopu taratibu, akabaki ameishika.

"Arafa, nimekusema vibaya kwenye baraza lako, na watu wamesikia."

"Wamesikia. Na huyu Hajra atakuwa ameshaifikisha habari hadi kijiji cha Mapinga." Jina langu hilo, na kweli nilikuwa na simu mkononi. "Iweke hapo, unawe mikono. Wali umeiva, na mchuzi wa samaki taa. Alawi nawe njoo. Vueni viatu, karibuni ndani."