Kiti cha Mtini cha Rudy Lahti

Rudy Lahti hakuwa na ugomvi na Arvid, kaka wa mkewe. Ugomvi wake ulikuwa na mdomo wa Arvid. Kwa misimu miwili mtawalia waliwinda kulungu pamoja katika kibanda cha Arvid, kibanda cha mbao msituni chenye dirisha moja na jiko la kuni, na kwa misimu miwili hiyo Rudy hakuona hata mkia. Alichopata ni habari kamili za goti la Arvid, tanuri la Arvid, na mbwa wa mke wa kwanza wa Arvid. Kulungu wa wilaya nzima walikuwa wameshazijua habari hizo kwa moyo, wakahamia upande wa pili wa mto.

Mwaka uliofuata Rudy akatoroka. Akajipigilia mbao juu ya mti, akapanda, akaanguka nazo, akavunjika mtulinga. Ndipo mkewe, Marlys, akatoa amri: mwaka huu ama kibandani na Arvid, ama kiti halali cha mtini, kilichonunuliwa dukani, na Bernice mwenye duka aseme kwa kinywa chake kwamba kitambeba. Bernice asiposema, basi kibandani.

Kwa hiyo Jumamosi, siku tatu kabla ya msimu kufunguliwa, Rudy alisimama dukani kwa Bernice akiwa na shauku kama bwana harusi, na Marlys nyuma yake akiwa amekunja mikono.

Viti vya ngazi, vile vinavyoegemezwa mtini, Bernice aliviruka. Ngazi haibebwi mgongoni, na Rudy alitaka kufika kwenye kilima cha miti ya maple, maili moja na nusu ndani ya msitu, mahali ambapo binadamu hasikiki. Alichokitaka yeye kilikuwa kile chepesi cha alumini chenye vipande viwili: unakaa kwenye cha juu, unakanyaga cha chini, unajivuta kidogo kidogo kama kiwavi mpaka unafika. Unakikunja, unakivaa mgongoni, unaondoka nacho. Rudy alikinyanyua kwa mkono mmoja ili Marlys aone.

Bernice akasema hicho mwisho wake ni ratili mia tatu, mtu na vyote alivyovaa na alivyobeba. Kisha akauliza lile swali la uzito wake.

"Mia mbili na thelathini," Rudy akajibu bila kupepesa.

Hiyo ndiyo namba iliyokuwa kwenye leseni yake ya udereva tangu alipooa, na aliipenda. Bernice hakubisha. Alimtazama kutoka kofia hadi viatu, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Marlys akakohoa.

Bernice akaeleza kwamba dukani kwake hauuzwi mkanda wa usalama mpaka mteja auvae na aning'inizwe nao mara moja, ajue miguu inavyokufa ganzi kabla hayajamkuta msituni. Akamfunga Rudy mikanda mabegani, kifuani na mapajani. Rudy alikuwa na koti lake la rangi ya machungwa, viatu vya theluji, na pasti mbili, mikate iliyojazwa nyama na viazi, mfukoni. Akatolewa nje.

Nje, mbele ya duka, ilisimama boriti ambayo kila Novemba mji mzima huning'inizia kulungu wake kwa mashindano ya uzito. Mizani ilikuwa tayari imefungwa, mpya, yenye ndoano nene na sahani ya namba kubwa kama saa ya stesheni. Rudy akaelewa. Akageuka, lakini Bernice alikuwa ameshapachika ndoano kwenye kamba ya mgongoni, na Marlys, mke wake kwa miaka ishirini na sita, ndiye aliyezungusha mkono wa winchi.

Rudy akapaa. Akaanza kuzunguka polepole, mikono imening'inia, uso ukielekea kwa walionunua risasi, kisha kwa waliokuja kunywa kahawa, kisha tena kwa walionunua risasi. Watu wakasogea, kwa sababu mjini hapa kitu kikining'inia kwenye boriti hiyo lazima kitazamwe. Mmoja akauliza kimepigwa wapi. Mwingine akataka kujua pembe zina ncha ngapi.

"Pembe hana," Marlys akasema. "Ana ubishi tu."

Na nani akatokea wakati huohuo, chupa ya kahawa mkononi, miwani puani? Arvid. Akajipenyeza mpaka chini ya sahani na kuisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi.

"Mia tatu na ishirini na moja! Shemeji, unaongoza!"

Rudy akasema kutoka juu kwamba ni viatu. Akasema na pasti pia. Bernice akazichomoa zile pasti mfukoni mwake, mshale ukashuka kwa unywele, akazirudisha.

Kile chepesi kikarudi ukutani. Bernice aliapa mbele ya Marlys kwamba kinachombeba Rudy dukani kwake ni kimoja tu: cha ratili mia tatu na hamsini, chuma kitupu, na chenyewe kina ratili thelathini na tano. Rudy akakikumbatia kwa furaha. Marlys alipomuuliza kama atakiweza njia nzima, alimwambia mwanaume hasumbuliwi na kiti.

Jumanne kulipopambazuka theluji ilikuwa imefika magotini. Rudy akaingia msituni na kiti mgongoni, bunduki begani, akinguruma kama trekta. Baada ya robo maili alivua kofia. Baada ya nusu maili alifungua koti, akaketi juu ya kisiki, akazungumza na Mungu. Kilima cha maple kilikuwa bado maili nzima mbele, na mapaja yake yalikuwa yameshajiuzulu.

Akatafuta mti wowote ulionyooka, usio na matawi. Ulikuwepo mmoja. Akaufunga ule mkanda, akajivuta kidogo kidogo mpaka futi kumi na tano, akakaa. Kiti hakikulia hata kidogo. Bernice hakusema uongo. Rudy akavuta pumzi, akatazama chini apate kuona amefika wapi.

Alifika hatua ishirini kutoka kibanda cha Arvid. Moshi wa jiko ulimjia puani.

Dirisha likafunguliwa.

"Shemeji," Arvid akasema, "huko juu unanisikia vizuri?"

Rudy akanyamaza kimya, kama mwindaji anavyotakiwa. Arvid akakichukua kimya hicho kuwa ni heshima, akalisukuma dirisha mpaka mwisho, akaanza kumsimulia ndoto aliyoota usiku.