Karavani Isiyovuja

Zadock, mume wangu, alinunua karavani kuukuu, kijumba cha kuvutwa na gari, ili twende kambini, akaiziba kila ufa hadi nikamwambia anatuundia jeneza. Akacheka.

Jumamosi moja ya Oktoba, baridi ya huku ughaibuni imeanza kuuma, nilitoka zamu mchana, nikaikuta uani, mlango umefungwa. Nikachungulia dirishani. Yeye na binti yetu Kemunto wamelala, na kati yao jiko la mkaa tulilotoka nalo Kisii, jekundu. Nyumbani sumu ya mkaa ilitoka kupitia nyufa za mabati. Hapa mjinga huyu hakuacha hata tundu la sindano!

Niligonga. Hakuna aliyejigeuza. Nikavunja kioo kwa tofali, nikafungua mlango, nikamburuta Kemunto hadi kwenye nyasi. Akatapika, akalia.

Niliporudi kwa baba yake, alifumbua jicho moja.

"Keziah," alinong'ona, "funga mlango. Baridi inaingia."