Pumzi za Chumba cha Pili

Mshauri nasaha mzee, ambaye wenzake walimwita Kalamu kwa kupenda kuandika, alikuwa na wivu wa kumkosesha usingizi. Chumba chake kilipakana na cha mshauri mwenzake, binti wa miaka thelathini, na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Wateja wa yule binti walitoka mabega yameshuka, nyuso zimekunjuka, kama watu waliotua mizigo. Wa Kalamu walitoka wakipenga kamasi.

"Anawafanyia nini huyu?" alimuuliza karani wa mapokezi.

"Anawatuliza akili, mzee. Wanafumba macho, wanafuata pumzi zao. Nawe jaribu, usije ukabaki unashauri viti!"

Miaka ishirini na sita kazini, leo anachekwa kwa ajili ya pumzi! Akasoma makala moja, kurasa nne, akajiona amehitimu.

Siku ya Jumanne akaja fundi cherehani aliyenusurika moto wa karakana. Miezi minane hakuwahi kukosa siku; ndiye aliyekuwa fahari ya Kalamu.

"Leo tunabadilisha mtindo, mama. Fumba macho, fuata pumzi. Usifumbue mpaka niseme."

Hakumuuliza lolote. Dakika ya tatu mkono wa yule mama ukaanza kupapasa hewani, ukitafuta mlango. "Moshi!" akapiga ukelele. "Moshi huo!" Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Kalamu alikaa na kile kiatu mapajani. Mwisho akajikaza, akabisha hodi chumba cha pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeharibu, binti yangu." Akamweleza.

Binti hakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi. "Mimi huuliza kwanza mtu amepitia nini. Aliyevuta moshi simwanzishii pumzi. Anaangalia dirisha, macho wazi, anahisi nyayo zake zikigusa sakafu, na akitaka kuacha tunaacha. Wengine siwapi zoezi kabisa; tunaongea tu, kama wewe. Na mwenyewe nilifanya mazoezi haya miaka sita kabla ya kumpa mtu."

Ijumaa fundi alirudi kuchukua kiatu. Kalamu hakuzunguka: "Nilikosea, mama. Nilitaka kumpiku jirani yangu, nikakutumia wewe."

Mama alivaa kiatu, akafunga gidamu taratibu. "Kumbe ile haikuwa kwa ajili yangu."

"Haikuwa."

"Na huyo jirani, anaijua kazi hiyo?"

"Anaijua." Neno lilimtoka kama jino.

"Basi nipeleke kwake."

Kalamu alimwomba ruhusa ya kueleza habari zake, akapewa. Akabisha hodi mwenyewe kwa binti, akasimulia moto, moshi na kosa lake, asifiche kitu. Kisha akamwacha mama humo, akarudi kwake, akaketi palepale pa siku zote, sikio ukutani. Akasikia dirisha likifunguliwa. Halafu akasikia kicheko cha fundi, ambacho miezi minane yote hakuwahi kukisikia.

Wivu ukamrudia. Akainuka, akakikokota kiti chake hadi upande wa pili wa chumba, asikoweza kusikia.