Bakuli Lililorudi Safi

Mwenzenu nina mdomo, na huo mdomo ndio ulioniponza. Tangu mwanangu Ephraimu amlete mkewe Eunike kwangu kijijini Akheri kukaa uzazi, kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa najipiga kifua mbele ya akina mama wa usharika. Naanza na mjukuu, Hanna mdogo, aliyepewa jina langu. Kisha nahamia kwenye mtori: Eunike nampelekea bakuli limejaa hadi juu, ndizi zimepondeka sawasawa na nyama, na bakuli linarudi safi. Nikawaambia wasichana wa mjini wanajifanya hawali kwa sababu hawajapikiwa na mtu anayejua kupika.

Kumkodolea mkwe macho akila si adabu. Nilikuwa naweka bakuli kwenye stuli, natoka na kurudishia mlango, asinionee haya. Nikirudi nalikuta jeupe, nami nafurahi peke yangu jikoni.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera. Tulipompeleka mtoto kliniki, uzito ulikuwa umegoma kupanda. Nesi akauliza kama mama anakula vizuri na kama maziwa yanatoka ya kutosha. Nilimjia juu. Nikamwambia ukoo wetu watoto huanza wembamba, na mama yake anakula kuliko mimi. Eunike aliinamisha kichwa, nikadhani ni uchovu wa njia.

Basi akina mama wakaja kumwona mzazi, na ndizi zao na maziwa yao. Walijaa chumbani. Mimi kwa kiherehere changu nikaleta bakuli palepale, waone kwa macho yao. Eunike akasema atakula baadaye, akiwa peke yake. Evaresta, jirani yangu, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Simba, mbwa wetu, akaja mbio hadi chini ya dirisha hilo, akakaa kitako, akainua kichwa na kuanza kutikisa mkia. Evaresta akachungulia nje, kisha akanigeukia.

"Hanna, na huyu mbwa wako naye amejifungua?"

Tukasogea wote. Pale nje, kwenye shina la mgomba chini ya dirisha, mtori ulikuwa umegandiana, wa asubuhi ile juu ya wa jana yake. Na mimi niliyemwona Simba akinenepa nikamchapa, nikidhani anaiba mayai ya watu! Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Waliaga kwa upole mno, mmoja mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walipopotea njiani nilirudi chumbani nimefura. Nilimsema Eunike maneno ambayo sitayarudia hapa, nikamalizia kwa kumwambia anamuua mtoto mwenye jina langu. Alimweka mtoto begani, akaanza kulia bila sauti.

"Mama, siku niliyotoka hospitali ulinipokea kwa vigelegele. Ukaniambia mbele ya watu wote, umenenepa."

Nikamwambia nilikuwa namsifu. Huku kwetu mzazi akinenepa ni sifa, ina maana ametunzwa.

"Najua ulinisifu. Lakini mimi sikulala."

Akanieleza. Alianza dayati kabla ya harusi ili gauni limkae, na gauni lilipokwisha kuvaliwa dayati haikuisha. Kule kwao mjini, Sekei, alikuwa anapima wali kwenye mizani, simu inamwambia ale saa ngapi na aache wapi. "Siku hizi sijui hata njaa ikoje, Mama. Nikiona bakuli lile naogopa tu."

Hasira iliniisha, ikabaki aibu. Nilikumbuka vile vigelegele, nilivyomgeuza huku na huku watu wamwone mwili. Nikakumbuka pia kwamba siku zote nilizompelekea mtori sikuwahi kumuuliza kama ana njaa. Nilikuwa nautafutia sifa mkono wangu. Nilitoka bila kuaga, nikaenda kukaa jikoni.

Kesho yake nilipika, lakini sikupeleka. Nilipita chumbani kumwona mtoto tu. Alikuwa ananyonya kwa pupa, halafu akaachia ziwa mwenyewe na kugeuza uso. Eunike alijaribu kumrudisha, akakataa. Nikasema, mwache, ameshajua mwenyewe. Eunike alimtazama mwanawe muda mrefu, nami nikaondoka kabla mdomo wangu haujaongeza jingine.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipomwona mlangoni mwa jikoni, kajishikiza ukutani.

"Mama, nadhani nina njaa."

Nilimpa upawa apakue mwenyewe. Akapakua kidogo mno, mdomo ukaniwasha, nikaufunga. Alikula polepole. Katikati aliacha, akaweka mkono tumboni, akaniangalia kama mtu anayengoja kukaripiwa. Akasema ameshiba. Nikamwambia aache, kipo, akisikia njaa atarudi.

Jioni, sijamwita, alirudi. Mtoto mgongoni, bakuli mkononi. Niligeukia mafiga nikajifanya napuliza moto, maana sikutaka anione uso. Nilimsikia anapakua, halafu akasita.

"Na wewe, Mama, umekula?"

Nilitaka kusema nimekula, lakini nikatikisa kichwa. Tangu wale akina mama waage sikuwa nimetia kitu kinywani, na njaa yenyewe sikuisikia. Eunike akachukua bakuli lingine, akapakua kidogo, akaniwekea miguuni. Kisha akatoka nje na kurudishia mlango, nisimwonee haya.